Mbuzi Mwenye Mshipa Nje ya Shingo

Boti la mwisho kuondoka Baraka, mji wetu wa ziwani, siku tulipoikimbia vita lilibeba akina mama, magodoro, masufuria, cherehani moja, na mbuzi mwenye mshipa wa damu nje ya shingo yake. Mbuzi alipewa mahali pa kukaa, juu ya gunia lililokunjwa, chini ya turubai. Mimi nilisimama. Nilipouliza kama ningeweza kuketi kwenye pembe ya lile gunia, mwenye mbuzi alinitazama kana kwamba nimeomba kulala katika kitanda cha bibi harusi.

“Jurnaliste,” akaniambia, “we ukichoka, umechoka tu. Huyu akichoka, kazi yote inakufa.”

Mwenye mbuzi tulimwita Veterineri. Alikuwa na jina, na alikuwa na cheo kirefu cha Kifaransa ambacho alikisomea Lubumbashi, lakini kwa watu wa Baraka mganga wa wanyama ni Veterineri, na kwa kuwa alikuwa mmoja tu, hatukuhitaji kusema yupi. Mimi aliniita Jurnaliste, yaani mwandishi wa habari, kwa sababu ndivyo nilivyojiita. Shule niliyofundisha ilikuwa imefungwa na vita, nami nilibaki na kinasa sauti kisichokuwa na betri. Nilizunguka nacho begani, nikiuliza watu maswali na kubonyeza kitufe ambacho hakikufanya lolote. Watu walijibu kwa heshima. Veterineri peke yake ndiye aliyewahi kuuliza, “Iko na pile?” Nilipomjibu kwamba hakina betri, alitikisa kichwa taratibu na kuendelea kunijibu kwa ukamilifu uleule, kana kwamba chombo kibovu bado ni chombo.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu alijua juu yake ni kwamba hakuachia mkono. Ulimsalimia, naye akakushika, na wakati wewe unauliza habari za nyumbani vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuteremka hadi kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, vinasikiliza. Kisha alibonyeza ukucha wako mpaka ukawa mweupe, akauachia, akatazama damu inavyorudi. Hapo tu ndipo alipojibu, “Nyumbani beko bazuri.” Akina mama wa soko walianza kumsalimia kwa kiwiko. “Usimupatie mukono,” walionyana, “utatoka mu soko na ugonjwa wenye haukuingia naye.” Muuza mihogo mmoja, mama mwenye kicheko kilichosikika hadi ufukweni, yeye alimnyoshea mkono makusudi kila siku.

“Pima, Papa Veterineri, pima! Bwana yangu aliisha kuacha kuushika tangu mutoto wa tatu.”

Naye alipima, bila kucheka, kisha akamwambia moyo wake una nguvu kama wa punda. Mama yule alilitembeza neno hilo soko zima kama zawadi.

Kazi yake iliyojulikana na serikali ilikuwa chanjo. Kazi aliyoiita kazi ilikuwa nyingine, na ilianzia kwenye jambo dogo. Wachuuzi waliosafirisha mbuzi kwa boti kwenda Kazimia walilalamika kwamba wanyama walipakiwa wazima na kufa walipofika, bila jeraha wala ugonjwa. Veterineri alitaka kujua moyo ulifanya nini njiani. Alipima mbuzi kabla ya safari na baada ya safari. Kwamba mnyama akitishwa moyo wake unapanda, hilo hata mimi nilijua. Yeye alitaka kujua unashuka lini, na kama unashuka mpaka palepale ulipotoka, au unaishia juu kidogo na kubaki hapo. Ndipo vita ya kwanza ilipofika, na swali la mbuzi wa Kazimia likawa swali la kila kiumbe wa wilaya yetu ya Fizi. Yeye aliendelea kuliuliza kwa mbuzi.

Ili kupima nguvu ya damu unahitaji mshipa mkubwa ulio karibu. Mwanadamu hunyosha mkono, ukafungwa kile kitambaa cha tansio kinachojazwa hewa, mambo yakaisha. Mbuzi hana mkono. Mshipa wake mzuri umejificha ndani ya shingo. Kwa hiyo Veterineri alifanya kitu alichojifunza chuoni: aliwalaza mbuzi wake kwa dawa ya usingizi, akauvuta mshipa mmoja wa shingo nje, akauzungushia ngozi ya mbuzi mwenyewe, akashona. Kidonda kilipopona, kila mbuzi alikuwa na kitu shingoni kama mpini wa kidumu, chenye joto, kinachodunda. Unafunga kitambaa kidogo cha tansio, kile cha watoto, unapuliza mpaka mdundo unanyamaza, unaachia hewa polepole, unasikiliza unavyorudi. Mbuzi wakati huo anacheua. Mimi nilipotazama mara ya kwanza niliketi chini, na Veterineri akaacha mbuzi na kuja kubonyeza ukucha wangu.

Mbuzi hao aliwafuga kwenye kituo cha mifugo njiani kuelekea Lubondja. Katika vita ya kwanza wenye bunduki walipita na kula mbuzi. Wengine wakapita kutoka upande wa pili na kula waliosalia. Jike mmoja aliachwa, kwa sababu waliomkamata waliona ule mpini shingoni, wakaushika, wakausikia unadunda, wakamwachia, wakatoka mbio. Veterineri alimkuta siku chache baadaye katika shamba la mihogo, akila kwa utulivu majani ya mtu. Alimchukua kwa miguu hadi Baraka. Hakumpa jina. Alimwita Kolege, yaani mwenzake wa kazini.

“Sasa kazi yote iko juu yake,” alinieleza, nami nikabonyeza kitufe changu. “Ile ya mbele ya vita nilimupima, iko hapa mu kichwa. Ile ya katikati ya vita, tutapima. Inabakia ile ya nyuma ya vita. Sitaweza kuipima kwa mbuzi ingine. Lazima iwe yeye.”

“Na akifa?”

“Basi nimepima nusu. Nusu ya moyo haiko kintu.”

Kwa hiyo, kwa miaka yote niliyomjua, haja yake ilikuwa moja, na mtaa mzima uliijua: mbuzi yule aishi mpaka vita iishe. Katika mji ambamo nyama ilikuwa imeanza kuwa hadithi, haikuwa haja ndogo.

Alikuwa na masharti. Hakupima mnyama aliyetoka kutembea, wala aliyetoka kula, wala aliyeogopa uso wake. Alikaa kando ya mbuzi kwanza, bila kuongea, mpaka mbuzi asahau kwamba kuna mtu. “Moyo inarudia nyumbani polepole,” alisema. Ungeweza kufika kwake na habari kwamba mji unakimbiwa, naye akainua kidole kimoja: ngoja. Lakini mtu huyu mwenye subira ya jiwe mbele ya mbuzi hakuwa na subira hata ya punje mbele ya wanadamu. Aligombana na pasta juu ya urefu wa maombi. Akishindwa mchezo wa dame, alipindua ubao. Katika kwaya ya kanisa letu, yeye aliyetumia maisha kuhesabu midundo alipiga makofi nje ya mdundo kila Jumapili, mpaka kiongozi wa kwaya alimpa kazi ya kushika kitabu cha nyimbo ili mikono yake iwe na shughuli.

Na alipenda nyama ya mbuzi. Hili liliwatatiza watu kuliko mshipa wenyewe. Penye mishikaki yeye alikuwa wa kwanza, na alikula mpaka mafuta yakafika kwenye saa yake.

“Papa Veterineri,” muuza mihogo alimkemea, “asubui unamupapasa, mangaribi unamukula?”

“Huyu sikumupima.”

“Basi ile siku utanipima vibaya nitaogopa kulala.”

Palikuwa na siku sokoni ambapo karibu apigwe. Kabla ya vita alikuwa akipanda milimani kupima ng’ombe wa wafugaji wa huko, wale wanaosema Kinyarwanda, na akishuka alipima ng’ombe wachache wa huku ziwani, akiwashika mshipa chini ya mkia huku akitazama angani kama mtu mwenye adabu. Wakati wa vita, watu wa milimani na wa ziwani wakiwa pande mbili, jambo hilo likawa la kuulizwa. Kundi la wanaume lilimzunguka. Walitaka aseme mbele ya watu: moyo wa ng’ombe wa nani una nguvu zaidi? Mimi nilikuwa hapo, kinasa sauti mbele, nikiwa na hakika kwamba habari kubwa ya maisha yangu imefika na haina betri.

“Ya kule juu upande moja ya moyo iko munene,” alisema.

Kukatokea manung’uniko.

“Iko munene juu kule hewa iko kidogo. Moyo inasukuma na nguvu kupitisha damu mu mapafu. Ukipeleka yako kule, na yako itanenepa. Ao itakufa. Ukishusha ya kule hapa, itapumzika.”

“Donc, basi, ya kwetu iko zaifu?”

“Ya kwenu iko na hewa.”

Waliondoka wamekasirika. Baadaye nilisikia kwamba wafugaji wa kule juu walipofikiwa na maneno hayo, nao walikasirika, kwa kuwa waliambiwa moyo wa ng’ombe wao ni mgonjwa wa unene. Veterineri alishangaa kwa dhati. Alidhani ametoa jibu ambalo lingewapendeza wote.

Nilikwisha kusema mimi nilijiona mwandishi wa habari. Lazima niongeze kwamba nilijiona pia jasiri. Milio ya bunduki ikianza, wengine waliingia chini ya vitanda; mimi nilisimama mlangoni na kusema kwa sauti nzito, “Ni mbali.” Nilikuwa nimeisema mara nyingi kiasi kwamba majirani walinitegemea. Basi mchana mmoja nilikuwa kwa Veterineri, na milio ikaanza upande wa daraja. Kolege aliinua masikio. Veterineri alikuwa amekwisha kumfunga kitambaa, na uso wake uling’aa: hii ndiyo ile ya katikati ya vita.

“Ni mbali,” nikasema.

“Leta mukono.”

“Wa nini?”

“Niko na lazima ya kyombo cha kulinganisha. Leta.”

Alisikiliza mbuzi kwa vile vyuma vya daktari vya masikioni, na mimi kwa vidole vya mkono wa kushoto, macho kwenye saa. Kitu kililipuka, si mbali. Nilibaki wima. Niliona ninavyoonekana: mtu mtulivu katikati ya historia. Milio ilipohamia upande mwingine, Veterineri alivua vyuma na kunitazama kwa huruma ya kikazi.

“Mbuzi anakushinda.”

“Ananishinda nini?”

“Yake ilipanda, sasa inashuka. Yako iko tu inapanda.”

Nilimwomba jambo hilo libaki kati yetu. Alikubali, kwa kuwa hakuwa mtu wa umbeya. Lakini kesho yake pasta alimuuliza utafiti unaendeleaje, naye, ambaye hakuweza kudanganya juu ya kipimo, alieleza kila kitu. Kufika Jumapili, watoto wa mtaa waliniona nikipita na kusema kwa sauti nzito, “Ni mbali!” halafu wakalia kama mbuzi. Majirani waliacha kunisikiliza mlangoni. Milio ikianza, walituma mtu kwenda kuangalia Kolege amelala au amesimama.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye lile boti, mji ulipokimbiwa tena. Kila mtu alipewa ruhusa ya mzigo mmoja. Veterineri aliacha godoro, akaacha vitabu, akaacha viatu vyake vya ngozi alivyovipaka rangi kila asubuhi hata wakati ambapo hakukuwa na pa kwenda. Alichukua sanduku la vyombo na mbuzi, na kwa kuwa hiyo ilikuwa mizigo miwili, alisema mbuzi ni abiria. Mwenye boti alimtazama mbuzi, akatazama waliokuwa wakisukumana majini, akasema haya, apande, mradi asinye.

Tulikuwa katikati ya maji, rasi ya Ubwari tulikokuwa tukikimbilia bado mstari tu mbele yetu, mawimbi yalipoanza kupiga ubavuni. Mbuzi akayumba. Mwenye boti, mtu mwema aliyetaka kusaidia, alichukua kamba, akaona ule mpini shingoni, akafanya ambacho mtu yeyote wa ziwani angefanya akiona mpini kwenye mzigo unaoyumba. Alipitisha kamba ndani yake na kuanza kufunga fundo kwenye ubao wa boti.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Veterineri aliruka juu ya akina mama, akakanyaga sufuria, akaanguka kwa magoti mbele ya mbuzi na kushika kamba kwa mikono miwili.

“Acha! Acha! Ile ni mushipa! Ni damu iko ndani!”

“Mushipa gani? Si mukono ya kukamatia?”

“Ni mushipa ya moyo, kaka, ni mushipa ya moyo!”

“Sasa nani anawekaka mushipa inje?” Mwenye boti aliachia kamba kama imemchoma. “Mi niliona sawa mukono ya bidon ya maji. Batu bote bangeona bidon!”

“Mimi njo niliiweka.”

Mawimbi yangali yanapiga, na Veterineri alikuwa akifungua fundo kwa kucha, taratibu sana, kwa sababu wimbi moja lingekaza kamba na kukata kila kitu. Mama mmoja, bila kuambiwa, alimkumbatia mbuzi kifuani kama mtoto ili asiyumbe. Mwingine akamshika huyo mama. Mwisho karibu kila mtu alikuwa amemshika mwenzake na katikati yetu alikuwa mbuzi. Fundo lilifunguka. Veterineri aliweka vidole viwili kwenye mpini, akafumba macho. Tulingoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa serikali.

“Iko inapita,” akasema.

Watu walipiga makofi. Mwenye boti aliapa kwamba tangu siku hiyo ataulizia kila mpini. Mimi, kwa ajili ya kumbukumbu, nilikuwa nimejaribu kusaidia kwa kusema, “Musiogope.” Hakuna aliyesikia.

Ubwari tulipokelewa katika kijiji cha wavuvi na mzee wa pale, mtu mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye alitupa nyumba ya kulala na samaki wa kula. Wakimbizi waliendelea kufika, samaki wakapungua, na siku moja binti yake alipata mchumba. Mzee alikuja kwa Veterineri kwa heshima zote. Alisema wamekaa pamoja vizuri. Wamekula pamoja. Sasa kuna wageni wa mahari, na katika kijiji mbuzi aliyenona ni mmoja.

Haikuwa rahisi kumkatalia. Tulikuwa tunalala chini ya paa lake. Veterineri hakubishana, na hilo lilinishangaza, kwa maana nilimjua. Alisema tu, “Muzee, mbele ya kumuchinja, umusikilize,” akamwekea vyuma masikioni, akaelekeza kile kibati cha baridi cha mwishoni mwake nyuma ya kiwiko cha mbuzi, mahali moyo unaposikika.

Mzee alisikiliza. Uso wake ulianza na tabasamu ya mtu anayemridhisha mgeni, kisha tabasamu ikaondoka. Aliinua mkono, tunyamaze. Alisikiliza kwa muda mrefu kiasi kwamba wageni wa mahari walianza kuulizana.

“Huyu anasema,” akasema mwishoni. “Anasema bila kupumuzika.”

“Anasemaka vile hata akilala.”

“Mi siwezi kula muntu nilisikia anasema.”

Kolege akapona. Lakini mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo ambapo Veterineri hakuwa ameona mbali. Mzee alitaka kusikiliza mbuzi aliyeletwa badala yake. Akamsikiliza. Naye alikuwa anasema. Akaitisha wa tatu, kutoka kwa dada yake. Wageni wa mahari walikula samaki. Tangu hapo mzee alitembea kijijini na vyuma vya Veterineri shingoni, akisikiliza mbuzi, kuku, hata bata, na kila alichokisikiliza kilikuwa kinasema, na hakuna aliyethubutu kukichinja mbele yake.

“Ulituletea nini hapa?” mke wake alimuuliza Veterineri. “Mbele ya wewe tulikuwaka na mifugo. Sasa tuko na bajirani!”

Veterineri aliyeokolewa na jambo hilo ndiye aliyeteseka nalo kuliko wote. Alikaa miezi mingi katika kijiji chenye mbuzi wa kila rangi, na hakuonja mshikaki hata mmoja.

Vita iliisha, au tuliambiwa imeisha, na tukarudi. Baraka ilipata redio ndogo, nami nikapata kazi ya kusoma matangazo, kwenye chombo chenye umeme, jambo ambalo mpaka leo hunitia wasiwasi kwa sababu sasa watu wanasikia. Veterineri alirudi kwenye nyumba isiyo na milango. Hakupima mara moja. Alisema anangoja nyuma ya vita iwe nyuma kweli. Mlio mmoja ukisikika mlimani, alianza kungoja upya. Kolege akazeeka, akapata mvi kidevuni, meno ya mbele yakapungua.

Hatimaye ulifika msimu mtulivu, na alinitumia mtu nikapime naye. Tulikaa kando ya mbuzi chini ya ukuta, mpaka akalaza kichwa. Alifunga kitambaa, akapuliza, akaachia. Akarudia. Kisha akauchukua mkono wangu bila kuomba.

“Damu yake inasukuma na nguvu kupita zamani,” alisema. “Hata amelala. Na wewe vilevile.”

Nilisimama. Niliiona habari yote mbele yangu, na safari hii nilikuwa na umeme. “Papa, ninaitangaza leo! Vita imebaki mu moyo ya mbuzi!”

“Utasema uongo na sauti muzuri.”

“Si umepima?”

“Nimepima mbuzi muzee. Wakati tulianza alikuwa kijana. Ukizeeka mishipa inakauka, damu inasukuma. Ni vita ao ni uzee? Wewe unajua?” Alianza kukunja kitambaa. “Niko na lazima ya mbuzi ingine, ya umri yake, ya hapa hapa, ile haiyasikiaka bunduki hata siku moja. Nikiipima, nitajua.”

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nahitaji kujua, maana moyo mmoja kati ya iliyopimwa ulikuwa wangu. Nikamwomba nimpime yeye, walau tuwe watatu. Alirudisha mikono nyuma. “Mi niko kyombo. Kyombo haipimwake.”

Basi nilifanya ninachoweza. Nilisoma kwenye redio, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya bei za samaki: anatafutwa mbuzi mzee, wa Fizi, asiyewahi kusikia bunduki. Nililisoma kwa uzito wote. Watu walicheka siku ya kwanza. Siku zilizofuata hawakucheka tena, na mtaani nilisikia wakihesabu vijiji: kule? La, kule wenye bunduki walifika. Na kule nyuma? Kule ndiko walikoanzia. Muuza mihogo alinijia redioni, bila kicheko chake. “Lisome tena,” aliniambia. “Labda kuko fasi moja haikufikiwa.”

Jibu lilikuja kutoka Ubwari, kwa mchuuzi mama wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyeingia studio na kikapu chake na kuketi kwenye kiti changu.

“Njo wewe wa mbuzi? Mi niko naye. Muzee kabisa. Haiyasikiaka bunduki hata moja.”

“Mama, na pale Ubwari bunduki zililia.”

“Zililia, ndiyo. Lakini yangu ni kiziwi. Alizaliwa kiziwi.”

Nilimpeleka kwa Veterineri, nikitarajia acheke au apindue meza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza maswali mengi: anaitika akiitwa? Anashtuka ukipiga sufuria nyuma yake? Alikuwa wapi watu walipokimbia? Mama alijibu kwamba alikuwa amefungwa palepale, kwenye mti wa nyuma ya nyumba, na watu wote walipita mbio mbele yake.

“Kwa hiyo aliona,” Veterineri alisema polepole.

“Macho iko nayo, Papa. Masikio tu.”

Alifikiri sana. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ufukweni na sanduku lake, amevaa viatu vipya vilivyopakwa rangi. Kamba ya Kolege aliikabidhi mkononi mwangu, na kwa kuwa mkono ulikuwa hapo, vidole vyake vikateremka hadi kwenye kifundo.

“Uikae kando yake kwanza mbele ya kumugusa,” aliniagiza. “Na usimuambie ni mbali.”

“Nawe ukirudi utaniambia? Kama ni uzee ao ni vita?”

“Nikirudi, nitakuambia nilichopima.”

Kolege amefungwa sasa nyuma ya studio, anakula matangazo yaliyokwisha kusomwa. Maboti ya Ubwari hufika na ndagala, nami hushuka ufukweni kwa ajili ya bei za samaki, kwa maelezo yangu mwenyewe. Juzi mama wa ndagala alishuka, nikamuuliza kabla hajaweka kikapu chini.

“Papa alifika?”

“Alifika, ndiyo. Muzee wa kijiji alimupokea na vyuma mu masikio.”

“Alipima?”

“Hapana. Aliikaa tu kando ya mbuzi yangu, nyuma ya nyumba. Anaikaa naye kila siku. Nilimuuliza, Papa, unangojea nini, si kiziwi? Akasema bado. Moyo yake haiyatulia.”